Maisha ya Ferdinand Porsche, Fundi wa Magari

Mtoto wa fundi bati

Wengi wetu tumeliona gari dogo la Volkswagen lenye mgongo wa mviringo. Wengine hulifananisha na kobe. Injini yake iko nyuma, mahali ambapo magari mengine huweka mizigo. Halina rejeta. Halitiwi maji. Mtu ambaye jina lake linatajwa kwanza gari hilo linapozungumzwa ni Ferdinand Porsche. Tutasoma habari za maisha yake. Alifanya mambo mengi ya kusifiwa. Alifanya pia mambo ambayo si haki kuyaficha.

Ferdinand alizaliwa tarehe 3 Septemba 1875 katika kijiji cha Maffersdorf. Wakati huo kijiji hicho kilikuwa katika Dola ya Austria na Hungaria. Leo kimo katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake, Anton Porsche, alikuwa fundi bati mwenye karakana yake. Kaka yake Ferdinand ndiye aliyetarajiwa kuirithi karakana hiyo. Lakini kaka huyo alikufa kwa ajali ya kazini. Basi zamu ikamwangukia Ferdinand.

Mchana Ferdinand alikata bati na kugonga nyundo pamoja na baba yake. Lakini moyo wake haukuwa kwenye bati. Pale kijijini palikuwa na kiwanda cha mazulia chenye taa za umeme. Siku zile umeme ulikuwa jambo geni. Kijana alipoziona taa zile, hakutaka kitu kingine. Mzee Anton hakupendezwa. Alitaka mtoto wa kushika nyundo, si mtoto wa kuchezea nyaya. Kila mzazi mwenye shamba au duka anaielewa hofu ya mzee huyu.

Mwishowe Ferdinand aliruhusiwa kwenda shule ya ufundi ya mjini, lakini jioni tu, baada ya kazi. Alisoma akiwa amechoka, kama wanavyosoma watu wazima wengi vijijini mwetu. Mwaka 1893 alitia umeme katika nyumba ya baba yake. Nyumba ikawaka taa. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mzee kuendelea kukataa. Mwaka huohuo Ferdinand, akiwa na miaka 18, alikwenda mji mkuu wa Vienna kufanya kazi katika kiwanda cha vyombo vya umeme. Hakusoma chuo kikuu. Alipopata nafasi alijipenyeza kwenye vyumba vya mihadhara vya chuo cha ufundi cha Vienna, akasikiliza bila kuandikishwa.

Magari ya kwanza

Mwaka 1898 Porsche aliajiriwa na tajiri Lohner wa Vienna, mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi. Lohner alitaka kutengeneza magari yasiyo na farasi. Porsche akamtengenezea gari la umeme. Mota zake ziliwekwa ndani ya magurudumu yenyewe. Mwaka 1900 gari hilo lilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Ufaransa, na watu wakastaajabu. Lakini betri zake zilikuwa nzito mno. Porsche akatengeneza jingine ambalo injini ya petroli ilizalisha umeme wa kuzungusha magurudumu. Leo magari yanayochanganya petroli na umeme yamejaa mijini. Yeye alikwisha jaribu jambo hilo zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Tukumbuke hali ya kwetu wakati huo. Wajerumani walikuwa wakijenga reli kutoka Tanga. Reli hiyo ilifika Korogwe mwaka 1902. Magari ya moto ya barabarani hayakujulikana.

Mwaka 1906 Porsche akawa mkuu wa ufundi katika kampuni ya Austro-Daimler. Alikuwa mtu mkali, mwenye hasira za haraka. Hakupenda kukaa ofisini. Alipenda kulala chini ya gari na kushika spana mwenyewe. Mwaka 1910 aliendesha gari alilolibuni katika mashindano makubwa ya Ujerumani, akashinda. Mwaka 1917 chuo kilekile cha Vienna, alichokuwa akiingia kwa kujipenyeza, kilimpa shahada ya heshima ya udaktari.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alitengeneza magari ya kukokota mizinga mikubwa sana ya jeshi la Austria. Mwezi Juni 1916 vita hivyo vilifika kwetu pia. Majeshi ya Waingereza yaliteka Korogwe na Handeni. Huku kwetu wapagazi ndio waliobeba risasi na chakula vichwani, na wengi sana wao walikufa njiani kwa njaa na maradhi.

Mvukuto wa injini

Sasa tuache kidogo habari za vita, tueleze jambo moja la ufundi. Bila jambo hili hatutaielewa kazi kubwa ya Porsche.

Mtu aliyewahi kumtazama mhunzi akifua jembe anajua kazi ya mvukuto. Makaa yakiachwa yenyewe huwaka polepole. Mhunzi akivukuta, hewa nyingi huingia, moto huwa mkali, na chuma hugeuka chekundu. Makaa ni yaleyale. Kilichoongezeka ni hewa.

Injini ya gari nayo ni moto. Pistoni inaposhuka ndani ya silinda, huvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko hulipuka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Injini ya kawaida huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Haiwezi kuvuta zaidi ya pale. Ukitaka nguvu zaidi unaweza kutengeneza injini kubwa zaidi. Njia nyingine ni kuipa injini ileile mvukuto. Mvukuto huo ni pampu inayozungushwa na injini yenyewe, kwa mkanda au kwa gia. Pampu husukuma hewa nyingi ndani ya silinda kuliko ile ambayo injini ingevuta peke yake. Hewa ikizidi, petroli nayo inaweza kuzidi, na mlipuko unakuwa mkubwa. Hicho ndicho kipuliza hewa. Mafundi hukiita supachaja.

Porsche hakubuni kipuliza hewa. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya pampu ya namna hiyo mwaka 1860. Pampu yao ilitumika viwandani kupuliza hewa kwenye tanuri za kuyeyusha chuma. Kwa hiyo ilikuwa mvukuto hasa! Mwaka 1885 Mjerumani Gottlieb Daimler alipata hataza ya kutumia pampu kuijazia injini hewa. Kazi ya Porsche ilikuwa kukifanya kipuliza kidumu ndani ya gari, kwenye barabara mbovu, bila kuua injini.

Sauti ya Mercedes

Mwaka 1923 Porsche alihamia Stuttgart, Ujerumani, katika kampuni ya Daimler iliyotengeneza magari ya Mercedes. Aliikuta injini ndogo ya lita mbili yenye kipuliza hewa. Ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa na matatizo. Porsche aliirekebisha. Mwaka 1924 gari lenye injini hiyo, likiendeshwa na Christian Werner, lilishinda mashindano ya Targa Florio katika kisiwa cha Sisilia, Italia. Barabara za mashindano hayo zilikuwa za milima, mawe na kona zisizokwisha. Mtu aliyepanda gari kutoka Mombo kwenda Soni anaweza kukisia.

Baadaye Porsche akabuni magari makubwa ya Mercedes yenye silinda 6. La mwaka 1927 liliitwa S. Bila kipuliza lilikuwa na nguvu za farasi 120. Kipuliza kilipofanya kazi, zilifika 180. Injini haikubadilishwa wala kuongezwa ukubwa. Nguvu za farasi 60 zilitoka katika hewa tu.

Kipuliza hicho hakikufanya kazi wakati wote. Dereva alipokanyaga mafuta mpaka mwisho kabisa, kipuliza kilishikana na injini, kikaanza kuzunguka. Gari lilitoa mlio mkali kama wa king'ora, na watu wa kando ya barabara walishtuka. Dereva hakutakiwa kukanyaga hivyo kwa muda mrefu. Kidogo tu, kupita gari jingine au kumaliza mlima, halafu aachie. Joto la ziada ndilo lililokuwa adui. Jambo hili msomaji alitie akilini, maana tutalirudia.

Magari hayo yalishinda mashindano mengi. Lakini yalikuwa ya matajiri. Porsche aliwaambia wakuu wa kampuni kwamba inafaa kutengeneza gari dogo la watu wa kawaida. Hawakukubali. Waligombana, na mwisho wa mwaka 1928 akaondoka.

Gari la watu

Mwaka 1931 Porsche alifungua ofisi yake mwenyewe ya uchoraji wa mashine mjini Stuttgart. Wakati huo uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Kazi zilikuwa haba. Alichora gari dogo kwa kampuni mbili za pikipiki, na zote mbili ziliacha kabla ya kulitengeneza kwa wingi. Wakati huohuo alikuwa akichora gari la mashindano la Auto Union, lenye silinda 16 na kipuliza hewa, injini ikiwa nyuma ya dereva. Ni ajabu kidogo kwamba meza moja ilikuwa na michoro ya gari kali namna hiyo na ya gari la mtu maskini.

Mwaka 1933 Adolf Hitler alishika madaraka Ujerumani. Alitaka gari la watu wote, na kwa Kijerumani jina lake ni Volkswagen. Bei isizidi Mark 1,000. Libebe mtu na mkewe na watoto. Liende kilomita 100 kwa saa bila kuchoka. Wenye viwanda vikubwa waliona bei hiyo haiwezekani. Porsche alikubali kazi, na mkataba ulitiwa sahihi tarehe 22 Juni 1934. Magari matatu ya kwanza ya majaribio yalitengenezwa katika gereji ya nyumbani kwake.

Tatizo kubwa lilikuwa injini. Watu maskini hawana banda la kulaza gari. Ujerumani wakati wa baridi maji huganda usiku, na maji yakiganda ndani ya injini huipasua. Kwa hiyo iliamuliwa injini ipozwe kwa hewa. Silinda zake nne zililala, mbili upande huu na mbili upande ule, kama watu wanaorushiana ngumi. Kila silinda ilizungukwa na mapezi membamba ya chuma ili joto litoke upesi. Juu yake palikaa feni kubwa iliyozungushwa na mkanda. Mchoraji wa injini hiyo alikuwa Franz Reimspiess, kijana wa ofisi ya Porsche. Ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 23 na nusu tu. Lakini ilikuwa nyepesi, haikuchemsha maji kwa kuwa haikuwa nayo, na fundi mmoja mwenye zana chache aliweza kuishusha.

Ukweli ni kwamba mawazo hayo hayakuwa ya Porsche peke yake. Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra alikuwa tayari ametengeneza magari yenye injini ya nyuma inayopozwa kwa hewa. Miaka mingi baadaye Volkswagen ililipa fedha kwa Tatra kumaliza shauri hilo. Josef Ganz, mhandisi Myahudi, alikuwa amepigania gari dogo la bei nafuu kabla ya Hitler. Yeye alifukuzwa kazini, akaikimbia Ujerumani, na jina lake likafutwa. Porsche alipata sifa zote.

Mwaka 1938 jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa mahali ambapo leo ni mji wa Wolfsburg. Wananchi walitakiwa kununua stempu za Mark 5 kila wiki na kuzibandika katika kitabu. Kitabu kikijaa, mtu apewe gari. Watu wapatao 336,000 walilipa. Vita vilianza mwaka 1939, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepata gari lake kwa stempu hizo. Baada ya kesi ya miaka mingi, mwaka 1961 walikubaliwa punguzo la bei, au fedha kidogo mkononi.

Wakati wa vita

Kiwanda kiligeuzwa kuwa cha vita. Kilitengeneza magari ya askari yenye injini ileile ndogo. Katika jangwa la Afrika Kaskazini, ambako maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya kupimwa, gari lisilotaka maji lilikuwa na faida kubwa. Porsche alibuni pia vifaru. Kimoja cha aina hizo kiliitwa kwa jina lake la kwanza, Ferdinand.

Nani alifanya kazi kiwandani? Vijana wa Kijerumani walikuwa vitani. Wakaletwa watu kwa nguvu kutoka Poland, Urusi, Ukraine, Ufaransa, Uholanzi na Italia, pamoja na wafungwa wa kambi za mateso. Watu wapatao 20,000 walilazimishwa kufanya kazi katika kiwanda hicho wakati wa vita. Walilala nyuma ya seng'enge. Wafanyakazi wanawake waliojifungua walinyang'anywa watoto wao, wakawekwa kwenye nyumba chafu bila matunzo. Mamia ya watoto hao wachanga walikufa.

Porsche alikuwa mmoja wa wakuu wa kiwanda. Alijiunga na chama cha Hitler mwaka 1937. Watetezi wake husema alikuwa fundi tu, hakujali siasa. Lakini nyaraka zilizochunguzwa baadaye zinaonyesha kwamba yeye mwenyewe aliomba apewe wafungwa wa kufanya kazi. Mtu anayeomba wafungwa hawezi kusema hakujua. Wazee wetu wa mashamba ya mkonge waliojua kazi ya kulazimishwa wangelielewa jambo hili bila maelezo marefu.

Gereza na gari la mbio

Vita viliisha mwaka 1945. Wafaransa walimwita Porsche kuzungumzia kazi ya kutengeneza gari kama Volkswagen kwa ajili ya nchi yao. Mwezi Desemba alikamatwa pamoja na mwanawe Ferry na mkwewe Anton Piëch. Ferry aliachiwa baada ya miezi michache. Mzee na mkwewe walibaki. Porsche alikuwa na umri wa miaka 70. Walifungwa bila kuhukumiwa, na gereza la Dijon lilikuwa na baridi. Afya yake ikaharibika.

Wafaransa walitaka dhamana ya faranga milioni moja kwa ajili ya wote wawili. Familia haikuwa na fedha. Ferry na binti wa mzee, Louise, walikuwa Austria, wakitengeneza matrekta na pampu za maji katika karakana za mbao. Ndipo ikaja kazi kutoka Italia. Tajiri Piero Dusio wa Turin alitaka gari la mashindano. Ferry na wachoraji wa zamani wa baba yake walimchorea gari lenye silinda 12 zilizolala. Injini ilikuwa ya lita moja na nusu tu. Ili kupata nguvu waliipa vipuliza hewa. Ujuzi ule wa mzee wa tangu Sisilia ulitumika tena, na fedha ya kazi hiyo ilisaidia kulipa dhamana. Mwezi Agosti 1947 Porsche alitoka. Inasemekana alipoonyeshwa michoro aliikagua karatasi moja moja, kisha akaridhika. Baadaye mahakama ya Ufaransa ilimwondolea mashtaka.

Huko nyuma kiwanda cha Wolfsburg kilikuwa kimefufuliwa chini ya afisa wa jeshi la Uingereza, Meja Ivan Hirst. Volkswagen zilianza kutoka kwa maelfu. Mwaka 1948 Ferry alitengeneza gari la kwanza lenye jina la Porsche. Alitumia injini ya Volkswagen, akairekebisha vichwa vya silinda na kabureta mpaka ikafika nguvu za farasi 35 hadi 40. Hakutumia kipuliza.

Mwezi Novemba 1950 mzee alikwenda Wolfsburg kukiona kiwanda. Njiani alipita magari mengi ya watu wa kawaida, ya aina ile aliyoichora. Muda mfupi baadaye alipata kiharusi. Alifariki Stuttgart tarehe 30 Januari 1951, akiwa na umri wa miaka 75.

Volkswagen katika Afrika Mashariki

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope la masika. Mwaka huo Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo iliyopata makosa machache kuliko yote. Volkswagen ilishinda tena miaka ya 1954, 1957 na 1962. Ushindi wa 1962 ulikuwa wa Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Magari yenye injini kubwa zaidi yaliachwa nyuma.

Kwa watu wa Handeni faida ya gari hilo haihitaji ushahidi wa mashindano. Handeni ni nchi ya shida ya maji tangu zamani. Dereva wa gari lenye rejeta iliyotoboka alilazimika kuomba maji kijijini, ndoo ambayo mama wa watu aliifuata mbali kichwani. Dereva wa Volkswagen hakuomba. Alichohitaji ni kuwa na mkanda wa feni wa akiba. Mkanda ukikatika, feni husimama, na injini huungua katika muda mfupi. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka, dereva mwenye akili huzima gari palepale.

Upungufu wa gari hilo ni nguvu. Toka Mombo, ulioko kwenye tambarare ya wilaya ya Korogwe, mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi, na barabara hupanda karibu mita 1,000. Hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 injini hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Volkswagen ya nguvu za farasi 30 iliyobeba watu wanne na mizigo hupanda kwa gia ya pili, mara nyingine ya kwanza, na nyuma yake hujipanga mabasi yanayopiga honi.

Hapo ndipo watu waliukumbuka mvukuto. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Judson ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilianza kuuza kipuliza hewa cha bei nafuu kwa ajili ya Volkswagen. Hakikuwa kitu cha matajiri kama kile cha Mercedes. Kilikuwa pampu ndogo yenye vibao vinavyoteleza ndani yake, ikizungushwa na mkanda. Mwenye gari aliweza kukifunga kwa spana za kawaida, bila kufungua injini. Kabureta iliondolewa mahali pake ikawekwa kwenye pampu, na pampu ikasukuma hewa na petroli pamoja kuelekea kwenye silinda. Palikuwa na chupa ya mafuta maalumu ya kulainisha vile vibao. Chupa ikikauka, vibao huliwa. Shinikizo lililoongezwa halikufika nusu kilo kwa kila sentimita mraba, lakini kwa injini ndogo hilo lilikuwa jambo kubwa.

Je, inafaa kufanya hivyo kwenye gari kuukuu? Inategemea hali ya injini. Injini za Volkswagen za zamani zilibana hewa kidogo, kwa hiyo zilivumilia kipuliza kuliko injini za kisasa. Lakini moto mkubwa huleta joto kubwa, na hapa hakuna maji ya kulichukua. Kuna feni tu. Injini iliyochoka pete za pistoni, au inayovuja oili, haifai kuongezewa chochote. Fundi atengeneze kwanza kilichopo. Atazame mabati yanayoizunguka injini, kama yote yapo. Watu wengi huyavua na kuyatupa wakidhani ni urembo, kumbe ndiyo yanayoielekeza hewa ya feni kwenye silinda. Petroli ikiwa hafifu, injini yenye kipuliza hugonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo ndogo. Dereva akisikia mgongo huo aachie mafuta mara moja, kwa sababu pistoni inaweza kutoboka kabla ya kufika Soni. Na kama madereva wa Mercedes mwaka 1927, asikanyage mpaka mwisho kwa muda mrefu.

Silinda ya kuangaliwa zaidi ni ya tatu. Kipoza oili cha injini za zamani kilisimama ndani ya njia ya hewa inayokwenda kwenye silinda hiyo, kwa hiyo hewa iliifikia ikiwa imekwisha pata joto. Vali ya ekzosti ya silinda ya tatu ndiyo iliyozoea kuungua kwanza, hata bila kipuliza. Kiwanda kilikijua kilema hicho kwa miaka mingi. Kuanzia magari ya mwaka 1971 kipoza oili kilihamishiwa pembeni, kikapewa njia yake ya hewa, na feni ikaongezwa upana. Gari la mwisho la aina hiyo lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, likiwa la 21,529,464. Kipoza oili chake kilikuwa pale pembeni.